Kizingiti cha Sentimita Tisa

Tarehe 3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimekaa kwenye meza ya babu, upande usio na cherehani, na nimejiwekea ahadi kwamba katika barua hii nitakuambia kila kitu, hata yale ambayo kwenye simu huwa hayapati nafasi. Kwenye simu tunamaliza dakika zote kwa "unanisikia?" na "hebu rudia," halafu babu ananipokonya aanze kukueleza habari za mguu wake.

Sisi ni wazima. Mguu wenyewe haujawa kama zamani tangu alipoteleza bafuni. Anashona mpaka saa nane mchana, kisha anajilaza. Nikirudi shule namkuta ana kiu, kwa sababu mkono mmoja ni wa fimbo na mwingine ni wa ukuta, hivyo hakuna mkono wa kikombe. Akiniona anasema, "Sindano umekuja? Nilikuwa nimeshaanza kuota mvua." Bado ananiita Sindano. Yeye anasema ni kwa sababu ya wembamba wangu, lakini jirani yetu muuza vitambaa anasema ni kwa sababu ya maswali yangu.

Mwalimu wa fizikia aliniuliza mbele ya darasa mama yangu anafanya kazi gani hasa. Nikasema anatengeneza mashine inayojiongoza yenyewe. Akauliza, "Kama gari?" Nikasema hapana mwalimu, kama mtu wa nyumbani. Unaiambia kwamba babu ana kiu, nayo inachukua kikombe na kutafuta njia yake, bila mtu kushika rimoti. Msichana anayekaa nyuma yangu akasema, "Muulize kama inafua." Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka, ila nilipofika nyumbani nilikuwa nimechoka kama niliyetembea mbali.

Sasa vipimo ulivyoomba. Nimetumia tepu ya babu na nimepima kila kitu mara mbili, nikiwa nimepiga magoti. Mlango wa chumba chake una upana wa sentimita themanini. Korido ni mia moja na kumi. Kitanda kutoka sakafuni ni hamsini na tano. Kizingiti cha chumba chake kina kimo cha sentimita tisa. Ramani nimeichora nyuma ya karatasi ya pili.

Babu aliniuliza napima nini. Nikamwambia mama anajenga chumba chako kule kazini, ili mashine ijifunzie humo. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi mwambie asisahau dirisha. Mimi silali pasipo na dirisha."

Nimeshasema kila kitu isipokuwa kimoja, nacho unakijua. Kutoka sasa mpaka Desemba, kazi yako inapofika mwisho, ni miezi kumi. Sikuhesabu kwa vidole.

Mwanao,
Sindano


Tarehe 1 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilichukua siku kumi na tisa kufika, nami nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Mpe babu pole ya mguu. Mwambie dirisha lipo. Linatazama ukuta wa ghala, lakini lipo.

Chumba kimesimama. Seremala wetu amekijenga kwa plaiwudi katikati ya maabara, kwa vipimo vyako, na korido yake, na kitanda chake. Msafishaji wetu ndiye anayelala kitandani akiigiza kuwa babu. Anasema katika maisha yake hajapata kazi nzuri kama hii, tatizo ni kwamba jana alipitiwa na usingizi kweli na mashine ikamsubiri na kikombe chake dakika arobaini. Mashine yenyewe ina jina refu la herufi na namba, lakini yeye anaiita Bwana Harusi, kwa sababu inatembea polepole, shingo imenyooka, kama anayejua anaangaliwa. Sasa wote tunaiita hivyo, hata mkuu wa maabara.

Upana wa mlango haumsumbui Bwana Harusi. Kinachotushinda ni kizingiti. Magurudumu yanapanda nusu, yanarudi. Siku tatu sasa. Seremala aliniuliza, "Mama, una uhakika ni tisa? Mbona hiki ni kama ngazi?" Nikamwambia ajenge kama kilivyoandikwa. Nakikumbuka kizingiti kile. Nilikuwa najikwaa pale kila asubuhi nikikimbilia kwa babu yako, na ninavyokikumbuka kilinifika gotini.

Huwa nakula chakula cha mchana ndani ya chumba hicho. Wenzangu wanadhani nakagua waya.

Sasa nikueleze habari za wafadhili bila kuzunguka, kwa kuwa umeshakua. Kazi hii haina duka, haiuzi kitu. Inaishi kwa watu wanaoamini kwamba siku moja itafaa, nao ufadhili wao unafika kikomo Desemba. Nimewaandikia andiko la mradi la kurasa sitini. Tarehe kumi na mbili Mei watakuja kuona kwa macho yao Bwana Harusi akipeleka maji kitandani. Wakikubali, kazi itaendelea miaka mitatu mingine, na aliyeiandika akili ya mashine, yaani mimi, ndiye atakayebaki nayo huku. Wakikataa, mradi utafungwa na mimi nitarudi nyumbani Desemba.

Usiniulize nataka lipi. Soma, kula vizuri, na mkumbushe babu yako dawa.

Mama


Tarehe 6 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Samahani nimechelewa kujibu. Tulikuwa na mitihani, halafu mvua, halafu mitihani ikaisha na nikaendelea kuchelewa.

Babu hajambo. Amepata kazi ya kushona sare za wanakwaya ishirini na anawalalamikia wote kwa zamu. Mmoja alikuja kupimwa akiwa amebana tumbo, babu akamwambia, "Pumua, mzee. Utaimba na tumbo hilo hilo." Amenishonea na mimi sketi mpya ya shule, ile ya zamani ilikuwa imefika juu ya goti. Alinipima ~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~ na nimeongezeka sana.

Hapo juu nimekata mstari kwa wino. Nilikosea mwandiko, usijali.

Sina mengi. Je, kizingiti bado kinawashinda? Kikiendelea kuwashinda mpaka tarehe kumi na mbili, itakuwaje? Nauliza tu.

Sindano


Tarehe 20 Mei

Mwanangu Sindano,

Salamu nyingi kwako na kwa babu. Nimekununulia soksi nene ambazo huna mahali pa kuzivaa, lakini nilipoziona nilikuona wewe.

Wamekuja. Walikuwa watatu: wanaume wawili waliouliza maswali tangu getini, na mama mmoja mtu mzima, mwenye mvi, ambaye hakuuliza kitu. Alivuta kiti akakaa mahali ambapo angeona mlango na kitanda kwa pamoja.

Msafishaji akalala. Akasema kwa sauti ya kizee, "Nina kiu," akakohoa kikohozi ambacho hatukumfundisha. Bwana Harusi akajaza kikombe, akaingia korido, akafika kwenye kizingiti. Akapanda nusu, akarudi. Akajaribu kwa pembeni, akarudi. Mara ya tatu maji yakamwagika kidogo. Mkuu wa maabara alikuwa amesimama karibu yangu, nikasikia anavyosaga meno.

Ndipo mashine ikatulia. Ilitulia muda mrefu mpaka mmoja wa wale wanaume akafunga daftari lake. Halafu ikanyoosha mkono juu ya kizingiti, ikaweka kikombe sakafuni upande wa pili, ikakisukuma taratibu mpaka mkono ulipofika mwisho. Kisha ikazungusha kichwa kumwangalia mgonjwa, ikasema maneno mawili ambayo iliwekewa kwa ajili ya dharura tu: "Naomba msaada."

Hakuna aliyeifundisha hivyo, mwanangu. Tuliifundisha kupita. Haikupita, na bado maji yakamsogelea mgonjwa.

Yule mama mwenye mvi akazungumza kwa mara ya kwanza. Akasema, "Zinazopita nimeziona nyingi. Sijawahi kuona inayojua imeshindwa." Barua yao ilifika jana. Wamekubali. Miaka mitatu.

Ila yule mama ameweka sharti. Awamu inayokuja isifanyike kwenye chumba cha plaiwudi. Ifanyike katika nyumba ya kweli, yenye mtu wa kweli anayehitaji maji. Nyumba ipi, niandike mimi kwenye ukurasa mmoja na kutia sahihi kabla ya mwisho wa Agosti. Mkuu wa maabara anataka niandike makao ya wazee yaliyo mtaa wa pili kutoka hapa. Ni karibu, na wameshakubali kutupokea.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikwenda kukaa kwenye kile kitanda. Sijatia sahihi bado, kalamu inakataa.

Mama


Tarehe 9 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Babu anakusalimu na anakupongeza. Aliponisikia nikimsomea kwamba wamekubali alisema, "Mwanangu yule," halafu akaendelea kushona. Baadaye niliona ameshona mfuko ukiwa umegeuka ndani nje.

Mwezi Februari niliahidi kukuambia kila kitu, na mwezi Aprili sikukuambia. Sasa nakuambia.

Kizingiti si sentimita tisa. Ni nne.

Nilijua siku babu aliponipima sketi. Nilimuona anaanza kupimia kwenye kumi badala ya mwanzo wa tepu, anasoma, kisha anatoa. Nikamuuliza, "Babu, mbona unaanzia katikati?" Akasema, "Tepu hii haina mwanzo, mjukuu wangu. Ilikatwa sentimita tano zamani. Wengine wangenunua nyingine, lakini mkono wangu umeshazoea kutoa." Nikaiangalia mwisho wake. Umepindwa kwa kitambaa cheusi na kushonewa vizuri, huwezi kuona inaanzia ngapi. Kwa hiyo kila nilichokupimia nilikiongezea tano. Mlango umepata nafasi usiyo nayo, na kizingiti kimekuwa ukuta.

Hilo ni kosa, na ningeweza kuomba radhi kwa kosa. Lakini mama, tarehe sita Aprili nilikuwa na barua yako mkononi, nikijua wafadhili watakuja tarehe kumi na mbili Mei, na barua huchukua siku kumi na tisa. Ningeandika siku ile ungepata kwa wakati. Simu pia ipo. Niliandika mstari, nikausoma, nikafikiria: kikibaki tisa, mashine itashindwa, na mama atarudi Desemba. Nikaukata.

Halafu mashine ikashindwa na wakakubali kwa sababu imeshindwa. Nimecheka peke yangu bafuni, kicheko kibaya.

Mwalimu wa fizikia anasema anayeficha kipimo haibi namba tu, anaiba kazi ya watu wote walioifuata. Hakuwa ananisema mimi. Seremala wako alikuwa sahihi, naomba umwambie. Mwambie na msafishaji kwamba amelala wiki nyingi bure.

Nataka mashine yako ifaulu. Nataka pia urudi. Sijui vyote viwili vinapitaje kwenye mlango mmoja, hasa sasa nikijua mlango wenyewe ni sabini na tano.

Ukiniandikia kwa hasira nitaelewa. Ila usiache kuandika.

Mwanao,
Sindano

Nilimuuliza babu nani alikata tepu. Akasema, "Muulize mama yako."


Tarehe 30 Juni

Mwanangu,

Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa, kwa hiyo tuliza moyo kwanza, kisha usome haya yaliyobaki.

Tepu niliikata mimi. Nilikuwa darasa la tatu na tulipewa kazi ya kupima mche wa maharage kila asubuhi. Mche wangu haukuwa hata na sentimita tano, basi sikuona sababu ya kubeba tepu nzima. Nilichukua mkasi. Babu yako aliporudi alikitazama kile kipande, akatazama mche, akaniuliza, "Umeota kiasi gani?" Kipande ninacho mpaka leo, kina kibati chake cha shaba mwanzoni. Kinakaa kwenye mfuko wa koti langu la maabara.

Sasa unajua ninakokwenda. Barua yako ya Aprili ilifika tarehe ishirini na tano. Mstari ulioukata niliuinua dirishani, na wino wako si mzito kama unavyodhani. Nilisoma neno moja, "tepu". Nikaingiza mkono mfukoni.

Nilikuwa na siku kumi na saba, Sindano. Seremala angepunguza kile kizingiti kwa nusu saa. Nilikwenda mpaka pale alipokuwa anapiga randa, nikasimama, nikamuuliza kama ameshakula. Akasema ameshakula. Nikarudi zangu.

Nilikwambia usiniulize nataka lipi kwa sababu nilikuwa najiuliza mwenyewe na sijibu. Nilitaka mtu mwingine aseme "rudi nyumbani" ili nisiwe mimi niliyeiacha kazi. Wewe una miaka kumi na minne. Mimi sina kisingizio hicho.

Juzi, barua yako ilipofika, nimewaeleza wote. Nimeanza na mkuu wa maabara, nikamwandikia yule mama mwenye mvi. Mkuu aliuliza kama kwetu wote tunapimia hivyo. Msafishaji alisema hakulala bure hata siku moja. Yule mama amejibu kwa mistari miwili: nyumba za watu zimejaa vipimo visivyo sahihi, ndiyo maana anataka nyumba na si plaiwudi, na niendelee kuandika ukurasa wangu.

Ukurasa upo mezani. Pale panapoulizwa mahali, bado ni peupe. Makao ya wazee yapo karibu na umeme wao haukatiki. Huko nyumbani umeme unakatika, babu na mguu wake atalazimika kukubali kufuatwafuatwa na mashine siku nzima, nawe unajua anavyochukia kufuatwa. Hata wafadhili wakikubali nije na mashine huko, haitakuwa Desemba. Sitaki kuahidi kitu halafu kije kiwe tisa wakati ni nne.

Mama


Tarehe 18 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika mapema kuliko zote, siku kumi na sita. Nimeisoma mara moja kwa sauti na mara moja kimya. Sina hasira. Nilidhani nitakuwa nayo, nikaitafuta, sikuiona.

Nilimsomea babu yale ya mche wa maharage. Akasema ulikuwa na sentimita tatu tu na ulikuwa unauongezea.

Nimepima upya. Hujaniomba, lakini nimepima, kwa rula ya chuma ya shule, na mwalimu wa fizikia amekuja mwenyewe kushika upande wa pili. Mlango sabini na tano. Korido mia moja na tano. Kitanda hamsini. Kizingiti nne, na pembeni kwenye ukuta kimeliwa, hapo ni tatu na nusu. Nilipopiga magoti nilikiona jinsi kilivyo kidogo. Nikafikiria jinsi ulivyokuwa mdogo wewe mpaka kikakufika gotini.

Nimeandika pia saa za umeme kukatika kwa wiki mbili. Unakatika mara nyingi jioni, mara chache mchana, na kiu ya babu ni ya mchana. Nimemuuliza kuhusu kufuatwa. Alisema, "Inaongea sana?" Nikasema inajua maneno mawili. Akasema, "Basi inamzidi adabu mjukuu wangu. Ije." Karatasi yote nimeiambatanisha. Sisemi uiweke wapi.

Miaka mitatu nayo nimeihesabu. Nitakuwa na kumi na saba. Kama ukurasa ule utaandikwa makao ya wazee, nitakuandikia huko kila mwezi na sitakata mstari tena. Hilo naliahidi kwa makini, nikijua sasa ahadi ni nini.

Kuna jambo moja la haraka. Babu ametoa kitambaa cha bluu alichokificha kwenye sanduku tangu ulipoondoka, amekitandaza mezani na kukipiga pasi. Anataka kukushonea gauni. Chaki ameshaichonga. Lakini vipimo vyako alivyo navyo ni vya zamani, na tepu yake unaijua. Anasema gauni hilo halikatwi kwa kubahatisha, na kitambaa hakirudi kikishakatwa.

Kwa hiyo naomba unijibu kwa barua ya kwanza itakayoondoka huko: utatuma vipimo vyako kwenye karatasi, au babu angoje akupime mwenyewe?

Mwanao,
Sindano